Mfungo wa Mayai ya Kuchemsha

Mimi si mtu wa maombi sana. Nasema hivi mapema kwa sababu pale mtaani kwetu Jericho, mpaka leo, kuna watu wakinikuta sokoni wananishika mkono kwa mikono yao miwili na kuinama kidogo, na mimi nasimama hapo na sukuma wiki yangu kwapani kama mwizi aliyepigiwa makofi. Nimechoka. Acha niseme ukweli wote, halafu wanifanye watakalo.

Mambo yalianza na baba. Baba yangu aliendesha lori la magodoro kwa miaka thelathini, kutoka kiwanda kimoja pale Industrial Area mpaka kila mahali nchini ambako watu hulala. Alipostaafu walihamia Njiru na mama, wakajenga. Mwaka jana akaanza kusahau. Mwanzo ilikuwa majina ya barabara, na kwa dereva hiyo ni aibu kubwa, kwa hivyo akawa anaficha. Baadaye akawa anauliza kitu kimoja mara tatu kabla chai haijapoa. Siku moja mama akiwa kanisani alinivuta mkono akaniambia, "Wewe unaandikanga. Niandikie safari zangu, zote. Lakini fanya haraka. Nataka unisomee nikiwa bado najua ni mimi."

Nikamwambia, "Sawa, baba." Kusema sawa ni rahisi sana.

Kazi yangu ni ukarani, stoo ya rangi, huko huko Industrial Area. Naandika kutwa nzima, lakini ninachoandika ni "mikebe ishirini, nyeupe". Miezi minane baada ya ile ahadi nilikuwa na kurasa kumi na moja, na tatu kati ya hizo zilikuwa zinaeleza mvua. Nikaona huu ni mchezo. Nikachukua likizo yangu yote ya mwaka, siku ishirini na moja, nikanunua daftari kubwa la kaunta lenye jalada gumu, nikajiambia: kurasa kumi kila siku, basi, kitabu kitaisha. Mama nilimdanganya kwamba kazini wamenipeleka semina Nakuru, maana angejua niko likizo, kesho yake ningekuwa Njiru nasimamia fundi wa tangi. Simu nikazima.

Nilisahau kitu kimoja tu. Nilisahau majirani.

Nyumba zetu ni zile za zamani za kaunti. Kuta zimebebana. Ukipiga chafya unaambiwa "pole" na mtu ambaye hata hamjaonana tangu Krismasi. Na watu wetu wana imani moja ambayo hakuna mhubiri aliyewahi kuitikisa: mtu aliyeketi ndani mchana na kalamu mkononi hafanyi chochote.

Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, hodi. Ni mama wa mlango wa pili, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kanisa lake, mama mnene mwenye moyo mzuri na sauti ya kuuza samaki. "Sista, uko?"

"Niko, mama, lakini naandika."

"Ah, basi si uko tu! Nishikie huyu mtoto nikimbie sokoni, dakika mbili."

Dakika mbili za Jericho mnazijua. Mtoto alichukuliwa saa saba, akiwa ameshajaza ukurasa wangu wa kwanza michoro ya kuku. Mchana akaja jirani wa ghorofa ya juu kuacha mtungi wa gesi, maana mwenye mtungi hayuko na mimi si niko tu. Halafu fomu ya bursari, nisaidie kujaza. Halafu nguo zikae kwangu kama mvua ikinyesha. Saa kumi wakaja wanaume watatu wasionijua kabisa, wamevaa nyuso za msiba, wakaniomba niandike wasifu wa marehemu mjomba wao kwa sababu wamesikia kuna dada hapa huandika. Nikaandika. Ningefanyaje? Mtu amekufa. Jioni nilikuwa na kurasa mbili na nusu, zote za mjomba wa watu.

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na mbaya zaidi, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba niko. Nililia, sitaki kudanganya. Nililia kwa hasira nikauma mto.

Siku ya tatu mama wa mlango wa pili alipogonga, nilifungua mlango kidogo tu, kiasi cha pua, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Mama, nisamehe. Niko kwenye maombi na kufunga. Siku ishirini na moja."

Wallahi, sikuwa nimepanga. Ni ile hesabu ya likizo iliyokuwa kichwani, na kwa bahati nzuri au mbaya ndiyo hesabu ile ile ambayo makanisa yetu hufunga kila Januari. Yule mama alirudi nyuma hatua moja. Sauti yake, ambayo sikuwahi kujua ina mahali pa kupunguzia, ikashuka. "Kumbe," akasema. "Kumbe, mtumishi."

Nikafunga mlango. Baada ya dakika tano ajabu ikatokea. Watoto waliokuwa wakipiga mpira ukutani kwangu wakafukuzwa. Redio ya jirani wa kulia ikazimwa katikati ya tangazo. Nikasikia mtu akisema, "Shhh, kuna mtu anaongea na Mungu hapo." Miaka kumi na mbili nimekaa nyumba ile na sikuwahi kusikia saa yangu ya ukutani. Siku hiyo niliisikia. Niliandika kurasa kumi na nne bila kuinuka.

Kama mambo yangebaki hapo ningekuwa leo ni mwanamke mwenye furaha. Lakini uongo ni kama paka, ukimpa maziwa mara moja amehamia.

Shida ya kwanza ilikuwa tumbo. Jioni ya siku ya nne nilikaanga kitunguu. Kitunguu kimoja! Harufu ilitoka dirishani kabla sijaweka nyanya, na papo hapo nikasikia sauti ya mama wa mlango wa pili nje. "Mtumishi, hiyo harufu inatoka kwako?"

Nikashika mwiko, jasho likinitoka. "Inatoka huku, mama. Ni majaribu."

"Shetani mjinga!" akafoka. "Mkemee!" Na akaanza kumkemea yeye mwenyewe, pale mlangoni, kwa nguvu zake zote, na wenzake wawili wakaja kumsaidia. Wakakikemea kile kitunguu robo saa nzima. Nilizima jiko. Kitunguu kilipopoa harufu ikaisha, na nje wakapiga vigelegele.

Tangu hapo nikaishi kwa mikate mikavu na mayai ya kuchemsha, kwa sababu yai likichemshwa na ganda lake halina kelele. Maganda niliyaficha ndani ya mkoba wangu wa kwenda kazini, maana debe la takataka ni la wote na Jericho takataka zako ni barua ya wazi. Nikienda msalani nilijifunika leso mpaka machoni, na wale wanawake wa bombani waliinuka na kunipisha. Mmoja aligusa pindo la leso yangu nikipita. Nilikuwa na yai mdomoni.

Halafu vikaratasi vikaanza.

Cha kwanza kilipenya chini ya mlango siku ya tano, kimekatwa kutoka daftari la shule: "Mtumishi tukumbuke na maji, wiki ya tatu bomba kavu." Nikakitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kimbo juu ya kabati, nikaendelea na baba alipokwama Mtito Andei na magodoro yaliyolowa. Kesho yake asubuhi bomba likakohoa, likatema kutu, maji yakaja. Nadhani kaunti walikuwa wametengeneza mfereji. Lakini nani angesikiliza habari za mfereji? Uani kulikuwa na nyimbo.

Kufikia siku ya nane vikaratasi vilikuwa vinaingia kama nzige. Jino la mzee wa kinyozi. Kijana aliyehojiwa kazi kiwanda cha sabuni. Mume aliyehamia Kayole na hasemi kwa nini. Mwanamke mmoja aliomba mwanawe apite mtihani, na chini yake, kwa mwandiko mwingine, mtoto mwenyewe aliomba mtihani uahirishwe. Kuna waliokuja na maandishi na kuna waliopiga magoti na kuninong'oneza kupitia tundu la ufunguo, na mimi ndani nimekaa na kalamu, nimekatizwa katikati ya sentensi, siwezi kujibu wala kusonga. Niliyemkimbia mlangoni alikuwa ameingia kupitia chini ya mlango.

Na mimi ni karani jamani, ni ugonjwa. Karatasi zikiwa ovyo silali. Nikaanza kuzipanga: magonjwa huku, kazi huku, ndoa peke yake kwa sababu zilikuwa nyingi. Nikizipanga, nazisoma. Nikizisoma, nafikiria. Yule kijana wa sabuni alipata kazi, wakaja kupiga makofi. Mzee wa kinyozi jino likatoka lenyewe akiuma muhogo. Yule mume wa Kayole hakurudi, na mkewe akaleta karatasi nyingine akiniomba msamaha kwamba labda yeye ndiye aliyeleta imani kidogo.

Hapo nikaona haya kweli kweli. Nilipiga magoti kwenye simenti, mara ya kwanza tangu nibatizwe labda, nikasema: "Mungu, hizi si zangu. Zimeletwa kwa anwani isiyo sahihi. Nakuomba uzichukue." Sijui kama hayo ni maombi. Nilifanya hivyo kila asubuhi, kabla ya yai.

Kitabu nacho? Kitabu kilikuwa kimekwama. Siku ya kumi na tatu nilikuwa na kurasa sabini na mbili, na nilipaswa kuwa na mia na thelathini. Kilichonikwamisha ni safari moja tu, safari ambayo baba alikuwa ameisimulia kila Krismasi ya maisha yangu. Ni siku niliyozaliwa. Uchungu ulimshika mama hapo hapo Jericho, mapema kuliko walivyotarajia, na lori lilikuwa limeegeshwa nje limejaa magodoro. Baba akampandisha mama nyuma, juu ya shehena, pamoja na mama mmoja jirani, akakaza kamba, akaendesha mpaka hospitali. Sikungoja hospitali. Nilizaliwa juu ya magodoro mapya ya watu. Na baba kila mara alimalizia hivi: "Mimi wasiwasi sikuwa nao. Nilipiga mluzi njia nzima." Watu walicheka, na yeye akaupiga ule mluzi.

Nilianza safari hiyo mara kumi na moja. Kila mara ilitoka kama mzaha, na nilijua si mzaha, lakini sikujua ni nini. Na muda ulikuwa unaisha, na huko Njiru kichwa cha baba kilikuwa kinaisha pia. Hilo nililijua kila nilipochora mstari na kuanza upya.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne mama wa mlango wa pili akanong'ona mlangoni, "Mtumishi, hii imetoka mbali. Imeletwa jana na mwanakikundi mwenzetu. Huko nako wamekusikia."

Karatasi ilikuwa imekatwa kwenye kalenda. Nikaigeuza. Mwandiko unaolalia kushoto, herufi za R zenye mkia. Huo mwandiko ndio ulioniandikia jina kwenye madaftari yote ya shule.

"Mtumishi wa Mungu, sikujui lakini nimesikia. Mzee wangu anapotea pole pole. Jumanne aliniuliza kama nimeshakaza kamba za lori, alidhani mimi ni utingo wake. Siombi apone, najua umri. Tuna msichana wetu anayemwandikia habari zake. Ako na kazi nyingi, saa hii ako semina. Niombee apate nafasi, hata nusu saa, amsomee baba yake hata kama haijaisha. Mungu akubariki. Ukifunga kunywa maji mengi."

Niliisoma nimesimama. Nikaisoma nimekaa. Halafu nikajitukana matusi ambayo mtumishi hapaswi kuyajua. Siku kumi na nne nimejifungia ili nimalizie mtu kitabu, na mtu mwenyewe yuko safari fupi tu kutoka hapa, anaisha bila mimi.

Nikatia ile karatasi ya kalenda kwenye mkoba wa kazini, nikafungua mlango, daftari kwapani.

Uani watu wakageuka. Mama wa mlango wa pili akaachia ndoo. "Bado siku saba, mtumishi!"

"Nimeitwa, mama," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili sikuwa nadanganya.

"Basi huwezi kwenda hivyo. Utumbo utajikunja. Mfungo hauvunjwi ovyo." Akanikalisha kwenye stuli, wakanizunguka, wakanipikia uji mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, bila sukari, wakaninywesha kijiko kimoja kimoja wakinipapasa mgongo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekula mayai matatu. Nilikunywa uji wote. Ilikuwa adhabu na niliistahili.

Njiru, mama alinipokea getini. Akaangalia daftari, akanishika mashavu. "Semina imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Umekonda. Wanawapa nini huko?" Kisha macho yakamtoka. Akaniacha, akainua mikono. "Juzi tu! Juzi tu nimetuma ombi! Kuna mama wa maombi Jericho, wewe hata humjui..." Akakimbilia jikoni akiimba. Mpaka leo anatoa ushuhuda huo kila akipewa nafasi, na mimi naketi kwenye benchi nikitazama viatu vyangu. Nimwambie nini? Alichoomba ndicho alichopata.

Baba alikuwa barazani, amevaa koti lake la kazini. Akanitazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mgeni. "Karibu, madam. Umetoka kampuni?"

Nikafungua daftari. "Ndiyo, mzee. Nimekuja na ripoti ya safari, uisikilize kama iko sawa."

"Soma."

Nikasoma Mtito Andei, akacheka. "Huyo dereva ni mjinga, angeweka turubai." Nikasoma nyingine na nyingine. Mama akaja na chai akabaki amesimama mlangoni na trei. Mwisho nikafika ile isiyonikubali, ya magodoro na mtoto, nikaisoma hivyo hivyo na ubovu wake, mpaka mahali dereva anapopiga mluzi njia nzima.

Baba akainua mkono. "Hapo si sawa."

"Hakupiga mluzi?"

"Alipiga." Akatazama mikono yake, akaikunja kana kwamba imeshika usukani. "Lakini alikuwa analia. Nilikuwa nalia mpaka barabara siioni. Mama wa mtoto alikuwa huko nyuma anapiga kelele, halafu akanyamaza. Nikajua wamekufa wote wawili. Nilipiga mluzi ili kama bado anasikia, asijue nalia."

Mama akainua uso kutoka kwenye trei. "Nilisikia," akasema. "Mimi nilinyamaza ili nisikilize ule mluzi. Nikasema, kama anapiga mluzi, basi tuko salama."

Miaka arubaini na moja wamelala kitanda kimoja na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake. Mimi nilikuwa natafuta kalamu na machozi yananizuia kuona mkoba wangu mwenyewe. Nikachomoa karatasi ya kwanza iliyokuja mkononi pamoja na vipande vya maganda ya mayai, ile ya kalenda, nikaigeuza nyuma nikaandika alivyosema, neno kwa neno.

Baba alingoja nimalize. Kisha akainama kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeogopa kuuliza kwa muda mrefu sana. "Na mtoto? Alifika?"

"Alifika, baba."

Akashusha pumzi, akaegemea kiti. "Basi vizuri," akasema, akageukia mlangoni kwa mama. "Fungua kamba, tushushe."

"Nimefungua, mzee," mama akasema, akaweka chai mezani.